Profesa Kabatini

Siku Kazik Pruszak alipofariki, saa ya kupimia mayai ililia jikoni na hakuna aliyekuja kuizima. Renata, bintiye, alikuwa mbele ya kompyuta chumbani kwake, amemaliza sehemu ya pili ya mtihani wa kujipima, anamngoja baba yake aingie na kofia yake ya udereva wa basi aseme, "Mkono chini, mtahiniwa." Baba alikuwa ametoka mara moja kwenda gerejini kuifuta vumbi Buick yake. Saa ikalia mpaka ikachoka. Binti alipokwenda kutazama, alimkuta ameketi kwenye usukani, kitambaa mkononi, kama mtu anayengoja taa ziwe za kijani.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, na mji wote wa Buffalo ulikuwa umezama kwenye theluji. Jumatano tangazo la msiba likatoka gazetini.

Tangazo la msiba huandikwa ili msomaji ahuzunike. Garland Tibbets hakuhuzunika. Alikuwa mgahawani, anashushia mayai kwa kikombe cha tatu cha kahawa, na alilisoma tangazo lile kama wengine wanavyosoma orodha ya vyakula. Marehemu Kaz, liliandikwa, aliendesha basi la mji kwa miaka thelathini. Alilipenda kanisa lake, mkewe Bernadine, na Buick ya mwaka 1966 aliyoifufua kwa mikono yake mwenyewe. Ameacha binti mmoja anayejiandaa kuingia chuo cha sheria.

"Mjane, gari, na shida," Tibbets akajisemea. "Hawa watu wameniandikia mimi."

Wahenga walisema kufa kufaana. Tibbets aliamini kwamba walipokuwa wakisema hivyo, walikuwa wakimtazama yeye.

Baada ya maziko watu walishuka chini ya kanisa kula. Tibbets alifika na tai nyeusi ya kuazima na keki ya dukani ambayo alikuwa ameibandua bei nusu tu. Mwizi wa kawaida huvunja mlango. Huyu hubisha hodi kwa keki.

"Shemeji," alimwambia Bernadine, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Mimi na Kaz tulikuwa chanda na pete. Miaka ishirini."

"Sijamsikia akikutaja."

"Si unajua alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kutajataja watu."

Kwa kweli Kazik alikuwa akitaja watu mpaka supu inapoa, na mtu aliyemjua hakumwita Kaz; hilo lilikuwa la gazetini tu. Lakini msiba hulegeza kumbukumbu kama maji ya moto yanavyolegeza gundi. Bernadine akamsogezea sahani ya pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kujazwa viazi, na Tibbets akala kwa majonzi makubwa, sahani tatu.

Wiki mbili baadaye alikuwa ameketi jikoni kwa Bernadine, kwenye kiti cha marehemu. Renata alikuwa kazini, kwenye mapokezi ya kliniki ya meno. Tibbets alikuwa amejipandisha cheo njiani. Sasa alikuwa profesa wa mitihani ya kidijitali.

"Zamani mtihani wa sheria ulikuwa wa penseli na karatasi, shemeji. Mtu alifaulu kwa akili zake. Siku hizi ni kompyuta. Kompyuta haitaki akili, inataka kujuana."

"Kujuana na kompyuta?"

"Na walioizaa."

Bernadine alikoroga chai. Jambo moja tu lilimnyima usingizi: Kazik alikuwa amemwambia, si mara moja, kwamba lolote litokee, mtoto afanye mtihani. "Renata anasoma kila siku," alisema. "Baba yake alikuwa akimsimamia."

"Naam, kusoma ni kuzuri. Kuna watu wazuri sana waliosoma, leo wanauza viatu." Tibbets akashusha sauti. "Mimi ninayo majibu. Mtihani anaufanyia humu humu chumbani kwake, kamera inamtazama. Mimi nitakuwa kabatini. Uzi wa kuvulia samaki utatoka kwangu mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wake. Swali la kwanza, navuta mara mbili: jibu la pili. Navuta mara nne: jibu la nne. Majibu hayazidi matano, kwa hiyo hata kidole hakitachubuka."

"Na malipo?"

Tibbets akaweka mkono kifuani. "Pesa ya mjane siigusi. Nitakwenda wapi nikifa? Nipe hilo gari tu, liwe ukumbusho wa rafiki yangu."

Alitoka na funguo. Lakini Bernadine, hata katika ule ukungu wake, alikumbuka neno moja la mumewe: usitie saini kitu ukiwa na njaa wala ukiwa na msiba. Akasema kadi ya gari ataisaini siku mtoto akimaliza mtihani. Tibbets akameza mate. Gari lisilo na kadi huwezi kuliuza, ila unaweza kulitembeza tu mjini na kupigiwa honi za pongezi.

Renata aliporudi jioni, aliona gereji iko wazi na theluji inaingia ndani.

"Mama. Buick ya baba iko wapi?"

Bernadine akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuonekana ya kipumbavu, mpaka alipofika kwenye kidole gumba akaacha.

Renata aliketi na koti lake. Gari lile ndilo lilikuwa karo yake. Kazik alikuwa amelikokota kutoka kwenye shamba la vyuma chakavu bintiye alipokuwa sekondari, akalirudishia uhai bolti kwa bolti, na kila alipolifunika usiku alisema, "Chuo chako kinalala hapa. Siku wakikukubali, nakiuza."

"Twende polisi," Bernadine alisema.

"Tuwaambie nini? Umempa funguo mwenyewe, kwa hiari yako. Ili aniibie mtihani. Vyuo vya sheria huuliza mambo kama hayo, Mama. Jina langu likishatajwa pamoja na kabati na uzi, sina chuo tena, gari lirudi lisirudi."

"Yesu wangu. Nimefanya nini?"

"Kadi iko wapi?"

"Kwenye mkebe wa biskuti, chini ya nyuzi."

"Hujasaini?"

"Sijasaini."

Renata alivua koti. Maswali ya mtihani ule kwa sehemu kubwa ni ya aina moja: unapewa hoja ya mtu, unatafuta kile alichokichukulia kuwa kweli bila kukisema. Miaka miwili alikuwa akitafuta dhana za watu asiowajua. Sasa akamtazama mama yake.

"Huyu Profesa anasema alikuwa na baba miaka ishirini?"

"Chanda na pete."

"Basi sauti ya baba anaijua."

Hapo Bernadine alielewa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alicheka, kicheko kibaya kidogo, cha mtu aliyetukanwa jikoni kwake.

Kwa siku alizokuwa kwenye zamu, Kazik alikuwa amerekodi sauti yake akiwa msimamizi. Mtihani mzima, mwanzo mpaka mwisho. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, hakurekodi maagizo peke yake. Aliketi mbele ya kompyuta muda wote, na katikati ya maagizo ulimsikia akikohoa na kufungua kurasa za gazeti. Tangu Februari Renata hakuwa ameifungua rekodi ile.

Mtihani wa kweli ulikuwa Aprili. Tibbets aliambiwa ni Jumamosi ya mwisho ya Machi, na Jumamosi hiyo alikuja, Buick inang'aa, miluzi mdomoni.

Katika Buffalo huingii nyumba ya mtu na buti zenye theluji. Tibbets akazivua mlangoni bila kuambiwa. Bernadine akapokea koti lake, zito, lenye funguo mfukoni.

"Nitalitandaza kitandani kwangu, Profesa. Litakauka."

"Ubarikiwe, shemeji. Kadi ya gari ipo?"

"Ipo mezani, na kalamu juu yake."

Akaingia kabatini na soksi zake, katikati ya makoti ya marehemu na harufu ya vidonge vya kufukuza nondo. Uzi ukafungwa. Orodha ya majibu, aliyokuwa ameitunga asubuhi ile akisubiri mkate wake ukaangwe, ilikuwa mfukoni mwa shati.

"Usiogope, mwanangu," alinong'ona. "Wewe sikiliza mguu wako."

"Na wewe usikohoe, Profesa. Wakisikia sauti ya pili mtihani unafutwa pale pale, na Mama hatasaini."

"Nitakuwa kama maiti."

Renata alibonyeza. Chumba kikajaa sauti nzito, iliyozoea kuwaambia watu wasogee nyuma.

"Habari za asubuhi, mtahiniwa. Mimi ni msimamizi wako. Nionyeshe pembe nne za chumba. Taratibu, si mbio za farasi. Nionyeshe chini ya meza. Sasa fungua kabati."

Hilo hakuna aliyemwambia Tibbets. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, naye akajibanza nyuma ya koti la Kazik, pumzi imesimama, pua ndani ya kola. Mlango ukafungwa. Jasho lilimtoka kwenye nyayo.

"Vizuri. Kuanzia sasa asitembee mtu, asizungumze mtu, asitoke mtu mpaka niseme. Kamera haizimwi hata wakati wa mapumziko. Anza."

Ikafuata kimya. Msimamizi alikohoa. Akafungua gazeti. Tibbets akavuta uzi mara mbili, kisha mara tano, kisha mara moja, kwa mikogo ya mpiga gitaa.

Alikuwa kwenye swali la kumi na moja alipoisikia Buick ikiwaka.

Injini ile hukohoa mara mbili kisha hunguruma chini chini, na kwa mwezi mzima Tibbets alikuwa amelala akiiota. Aliitambua. Aliyekuwa kwenye usukani ni Jadwiga wa nyumba ya pili, aliyeendesha mabasi pamoja na Kazik na ambaye mtaani kote tunamwita shangazi hata sisi tunaomzidi umri. Lakini Tibbets hakuweza kumwona. Aliona giza na mikono ya makoti.

Hapo ndipo mjanja alipopimwa akili kuliko mtahiniwa. Akitoka, sauti ya pili inasikika, mtihani unafutwa, kadi haisainiwi, na mwezi wa kazi umekwenda na maji. Asipotoka, gari linaondoka. Lakini pengine ni gari jingine. Pengine shemeji anaisogeza ili wapite wa kuzoa theluji. Tamaa ni wakili hodari. Ilimtetea kila hoja ya kubaki. Injini ikapungua sauti, ikapinda kona, ikapotea.

Tibbets akavuta uzi mara tisa.

Renata alitazama kidole chake, akatazama skrini. Majibu yalikuwa matano. Akachagua la tatu, kwa sababu ndilo lilikuwa sahihi, akaendelea.

Kwa muda wa karibu saa tatu Garland Tibbets alisimama mle ndani. Mguu mmoja ulikufa ganzi, wa pili ukaufuata. Wakati wa mapumziko alimsikia msimamizi akipiga miayo, naye akajizuia asipige. Hakuna aliyewahi kumtii Kazik Pruszak kiasi kile, si abiria wala mke wala paroko.

Mwishowe saa ya kupimia mayai ililia ndani ya rekodi, na safari hii mtu aliizima.

"Muda umekwisha. Mkono chini, mtahiniwa."

Kikohozi. Kiti kikalia. Kisha sauti ile ile, bila kofia, ikimwita bintiye kwa jina la utotoni:

"Haya, Renia wangu, funga hilo dude uje tule. Supu inapoa. Umefanya vizuri, hata kabla sijaona alama."

Renata hakusogea. Mlangoni alikuwa amesimama Bernadine, koti la Tibbets mkononi, naye pia hakusogea.

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka kabatini.

Bernadine alijifuta macho, akaenda, akafungua.

"Rafiki yako wa miaka ishirini," alisema. "Humtambui?"

Tibbets alitazama kompyuta, akamtazama mjane, akatazama soksi zake. Mtu wa kazi hutambua kazi nzuri anapoiona, hata kama imefanyiwa mgongoni kwake. Lakini alijaribu.

"Nakwenda polisi. Gari lile nilipewa."

"Kadi ina jina la nani?" Renata aliuliza.

"Nilipewa kwa mdomo!"

"Vizuri. Waambie ulipewa kwa ajili ya nini. Usisahau kuwaeleza ulikuwa umesimama wapi asubuhi yote, na ulikuwa umeshika nini."

"Na wewe je? Wewe ndiye uliyekuwa mwenye kidole!"

"Mimi nilikuwa chumbani kwangu nafanya mazoezi. Si kosa kufanya mazoezi."

Tibbets alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mtu aliyeishi kwa mdomo, hiyo ilikuwa namna ya kufilisika.

"Utakuwa wakili mbaya sana," alisema hatimaye, na ilisikika kama sifa.

Alivaa buti zake. Bernadine akampa pierogi zilizofungwa kwenye karatasi ya foili, bado za moto.

"Za nini hizi?"

"Hukula mchana. Katika nyumba hii hatoki mtu na njaa, hata wewe. Sasa toka."

Alikwenda mpaka kona kungoja basi. Ndilo basi alilokuwa akiendesha Kazik. Alitumbukiza noti ya dola ishirini kwenye kisanduku cha nauli, akakinga kiganja. Kisanduku kile hakirudishi chenji.

"Sogea nyuma, bwana," dereva alimwambia.

Buick iko gerejini kwa Jadwiga, kufuli mbili. Mtihani wa kweli ni Ijumaa hii, saa tatu asubuhi. Bernadine atakuwa kwa Jadwiga mpaka uishe, nyumbani isisikike sauti ya pili. Msimamizi atakuwa mtu mwingine.