Daraja la Sandvik

Jumatatu, 2 Desemba
Theluji tangu alfajiri. Gavana mpya kanipigia simu mwenyewe, kanishukuru sana kwa utumishi wangu. Mkubwa akishaanza kukushukuru, ujue kiti kimekwenda! Mwisho wa mwezi natoka. Mhandisi mzima, mkurugenzi wa barabara za jimbo zima, na jina langu halipo popote ila kwenye mlango wa ofisi. Nalo limebandikwa kwa gundi.
Lakini daraja jipya la mtoni bado halina jina. Nguzo zake nilizichora kwa mkono wangu. Litaitwa Daraja la Sandvik. Nimeapa.

Jumanne, 3 Desemba
Nimemdokeza Bi. Hruska, mwenyekiti wa kamati ya majina. Kasema kwa upole kwamba sheria haina ubishi: daraja hupewa jina la marehemu tu. Nikauliza kama hawawezi kumfikiria mtu mwenye presha. Akaniombea afya njema. Mwanamke hana huruma hata kidogo.
Nimerudi ofisini, namkuta naibu wangu, Duane Kolb, anapima ukuta kwa futi kamba. Eti anaangalia kama kabati lake litaenea. Nimeificha futi yake.

Jumatano, 4 Desemba
Nimepata! Verna! Mke wangu ana miaka mitatu kaburini. Marehemu kamili, hakuna wa kubisha. Na jina lake la ndoa si ndilo langu? Nimepeleka ombi mchana huu huu: Daraja la Sandvik, kwa kumuenzi mke wangu mpendwa.
Nimempigia binti yetu, Karna. Nikadhani anacheka. Kumbe analia. Kasema alidhani nimeshamsahau mama yake. Sijamsahau. Kikombe chake kipo pale pale, na nyumba imekuwa kimya hivi kwamba friji ikinguruma nashtuka. Nilitaka kumwambia ukweli wa daraja. Nikamuuliza habari za baridi huko kwao.

Ijumaa, 6 Desemba
Chakula cha pamoja ofisini. Kila mtu kaja na bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga, yote ladha moja. Duane kaleta keki imeandikwa KWAHERI MZEE. Bado wiki tatu! Eti jina langu halikuenea. Nimekula KWAHERI yote peke yangu, tumbo linaniuma hadi sasa.
Kisha akajitia kusema daraja lipewe tu jina la mto, watu wasichanganyikiwe. Nikamuuliza mbele ya wote kama ana ugomvi na marehemu mke wangu. Akanywea! Raha niliyoipata sijaipata tangu kiangazi.

Jumatatu, 9 Desemba
Balaa.
Kamati ilikaa. Ukumbi umejaa madereva wa magari ya kusukuma theluji, na mabuti yao ya matope. Nikajua wamekuja kuniaga. Akasimama Gene Pavelka, dereva wa siku nyingi, akauliza Sandvik ni nani. Mimi nimekaa mbele yake! Akasema wao wanamjua Verna Rudd.
Rudd ni jina la kwao. Ndilo alilotumia redioni, kila asubuhi ya baridi, akisoma barabara zilizofungwa. Nilikuwa nimelisahau. Sikuwahi kumsikiliza, taarifa zenyewe si zilitoka ofisini kwangu?
Gene kasema siku moja dhoruba ilimfunika, haoni hata kioo chake. Verna akagoma kutoka hewani. Akawa anamwita kwa jina: Gene, kaa humo humo garini, wanakuja, usilale Gene. Mpaka wakamfikia. Bi. Hruska akapangusa miwani. Wakapitisha kwa kauli moja: Daraja la Verna Rudd.
Siku ile ya dhoruba naikumbuka. Alichelewa kurudi. Nilimnunia kwa sababu ya chakula.
Duane kanipa mkono, kasema pole, kisha kasema hongera. Hakujua aseme lipi. Hata mimi sijui.

Jumatano, 18 Desemba
Tumelizindua. Upepo wa kukata masikio. Karna kaja, kanishika mkono njia yote. Kibao kikafunuliwa: DARAJA LA VERNA RUDD. Akaninong'oneza, "Baba, mwanamume mwingine angeweka jina lake." Nikalia. Kweli nililia, mbele ya Duane. Ningetoa chochote nimsikie Verna asubuhi moja tu, hata akisoma barabara zilizofungwa.
Madereva wakapita na magari yao, wanapiga honi. Mimi nikabaki nakitazama kibao. Kizuri. Ila chini ya jina lake wameacha nafasi tupu, pana, haina kazi yoyote. Nimeipima kwa futi ya Duane. Inaenea mstari mmoja: MKE WA MHANDISI ORVILLE SANDVIK.
Karna anaondoka kesho asubuhi. Rangi ninayo. Ngazi nitaazima kwa Gene.