Siafu Walionipanda Mbele ya Mama Neema

Naandika nikiwa nimekaa stoo ya hifadhi, katikati ya majembe na gambuti, nimejifunga kanga. Kanga si yangu. Leo nimeaibika, ndugu zangu, na najua Lomayani atawaletea habari hii ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mimi kwanza.

Mnajua mimi ni mwongoza wageni kwenye ule msitu wetu mdogo huku Akheri. Leo ilikuwa siku ya majirani. Masika yakiisha tunafungua geti, watu wa vijiji vya karibu wanaingia bure, tunawaonyesha ndege na mbega, wale kima wa mikia mirefu, halafu tunakula ndizi pamoja. Safari hii tuliwaalika akina mama wa usharika. Na katika hao akina mama alikuwemo Mama Neema.

Kwa wasiojua, Neema ni mchumba wangu. Wazee wetu wanakwenda kwao Jumamosi hii kupeleka posa. Mama yake alikuwa hajawahi kuniona, na pale kwao yeye ndiye mwenye neno la mwisho (baba husema ndiyo baada ya mama kusema ndiyo). Jana jioni Neema kanipigia simu.

"Mama hana makuu," kasema. "Hataki gari, hataki digrii. Anataka mtu mtulivu tu. Mtu wa papara hampendi hata kumsikia. Kesho tulia."

"Nitatulia."

"Eliya, nakujua. Tulia."

Basi asubuhi nikajiandaa kama bwana harusi. Suruali ya kubana, imepigwa pasi ikanyooka. Moka mpya za kahawia, zile ambazo vijana wa mjini wanavaa bila soksi. Na mimi nikavaa bila soksi. (Sheria ya kwanza ya msitu wetu, ambayo mimi mwenyewe ndiye ninayeitangaza getini, ni suruali ndani ya soksi. Hasa kipindi hiki, ardhi ikiwa bado mbichi na siafu wanahama. Endeleeni tu kusoma.)

Lomayani, mwenzangu wa kazi, alinitazama miguuni akauliza, "Soksi ziko wapi?"

Nikamwambia leo sijavaa kimsitu. Akaenda zake kuchemsha chai.

Akina mama walifika saa tatu wamevaa vitenge vya sare, wamejifunika mashuka mpaka shingoni kwa baridi. Mama Neema nilimtambua bila kuonyeshwa, maana pua ni ile ile ya binti yake. Mama mfupi, si msemaji, mkoba mkubwa kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Eliya?"

"Ndiye mimi, mama."

Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akafika kwenye moka, akakaa hapo kidogo. "Haya," akasema.

Mtu akikwambia "haya" namna ile huna hakika umefaulu au umefeli. Nikajipa moyo. Nikasimama getini na sauti yangu ya kazi, nikatangaza: suruali ndani ya soksi, na wenye vitenge, gambuti hizi hapa. Wote wakavaa. Mama Neema akavaa gambuti zake, akazikanyagia vizuri, halafu akanitazama miguu kwa mara ya pili.

Tukaingia mpaka kwenye ule uwazi wa nyasi katikati ya msitu. Upande wa pili, kama nusu ya uwanja wa mpira, kuna mringaringa mkubwa ambako mbega hushuka asubuhi kuota jua. Kwa macho matupu huoni kitu, pana kivuli. Kwa hiyo nikasimamisha darubini kubwa, ile yenye miguu mitatu, nikailenga kwenye shina la ule mti, nikaikaza. Mama Neema nikamweka pale pale mbele, heshima ya kwanza iwe yake.

"Mama, tukimaliza sala, weka jicho hapa. Usiguse kitu chochote. Utaona kitu ambacho hujawahi kukiona maisha yako yote."

"Haya," akasema tena. (Hayo maneno yangu yawekeni akilini.)

Sasa, huku kwetu hakuna shughuli inayoanza bila sala, hata kikao cha kuzibua mfereji. Na wakati wa sala mtu hatikisiki. Sisi Walutheri tunasali kama tunapigwa picha ya pasipoti. Mwinjilisti wa usharika akatoka mbele, akavua kofia. Ni mtu mwema sana, ila akianza kuomba hamwachi mtu nje. Nikasimama kwenye nyasi kando ya Mama Neema, nikafumba macho, nikafunga mikono, nikaweka sura ya utulivu.

Akashukuru kwa safari. Akauombea msitu. Alipofika kwenye vyanzo vya maji nikahisi kitu kinatembea kwenye kifundo cha mguu. Nikasema ni jani. Alipofika kwenye nyuki, nikajua kuwa si jani, kwa sababu jani moja haliwezi kuwa kwenye miguu yote miwili.

Nikafungua jicho moja. Nilikuwa nimesimama juu ya njia ya siafu. Jeshi zima lilikuwa linapita, na sehemu ya jeshi ilikuwa imebadilisha safari.

Msiowajua siafu, hawana haraka. Wanapanda kwanza, kimya kimya, kila mmoja anachukua nafasi yake, halafu wanaanza wote kwa pamoja utadhani wamepewa amri. Na suruali ya kubana siafu akishaingia hana pa kwenda ila juu.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nikiruka, huyo ni mtu wa papara. Nikivuta suruali, huyo hana adabu. Jumamosi nzima ilikuwa imesimama pembeni yangu, imevaa gambuti, imetulia kama maji ya mtungini. Nikauma meno.

Mwinjilisti akahamia serikali ya kijiji. Siafu wakahamia magotini. Hapo ndipo ilipotoka amri. Nikaguna kidogo, "Mmmh," na mwinjilisti akadhani nimeguswa na maombi. "Ndiyo, Bwana," akaitikia, akapata nguvu mpya. Kila nikiguna naye anaongeza. Akaanza kuombea mvua za vuli, ambazo jamani ziko mbali. Nikavumilia. Akaombea wafugaji wa Kisongo, ambao hata hawakualikwa. Siafu nao wakafika mahali ambapo mtu mzima hawezi kupataja.

Nikaondoka. Nilikimbia bila kuaga, hatua za kuchechemea, na kitu kikubwa cha kujificha nilichokiona mbele yangu kilikuwa ule mringaringa. Nyuma yake kuna upupu. Sikuutaka na upupu tena, nikabaki upande wa mbele. Nikajiambia watu wote wamefumba macho, na mwinjilisti yule namjua, muda upo. Moka zikaruka. Suruali nikaivua kwa vita, nikaitupa chini, nikaanza kuchomoa siafu mmoja mmoja, nimebaki na boksa yenye picha za mananasi.

Nikasikia: "Amina."

Ndipo nikaikumbuka darubini. Nikageuza shingo. Ng'ambo ya nyasi, Mama Neema alikuwa ameshainama, mikono nyuma, jicho limekaa. Hakugusa kitu chochote, kama nilivyomwelekeza.

Yaliyosemwa pale nimeyapata kwa Lomayani, aliyekuwa amesimama nyuma yao na birika la chai. Mama mmoja akauliza, "Umewaona mbega?"

"Nimemwona mmoja," akasema Mama Neema. "Hana mkia."

"Anafanya nini?"

"Anajikuna."

"Hebu na mimi nimwone."

"Mwache," akasema Mama Neema. "Ana aibu." Akaiinua darubini mpaka kwenye matawi ya juu, ambako kumbe mbega wa kweli walikuwepo, akawaachia wenzake. Halafu akaja.

Nilisikia gambuti zake zinakaribia. Nikachagua upupu. Mwenzenu nimetahiriwa bila kulia, lakini leo pale nyuma ya mti machozi yalinitoka, kwa sababu niliona Neema anaondoka hivi hivi. Mkono ukatokea kwenye kona ya shina umeshika kanga. Uso ulikuwa umegeukia pembeni.

"Jifunge."

"Asante, mama. Nisamehe sana, mama."

"Walianza kukupanda kwenye vyanzo vya maji," akasema. "Niliwaona."

"Kwani mama hukufumba macho?"

"Mimi porini sifumbi."

Nikafunga kanga, nikafunga na fundo la pili. "Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Nilitaka niuone huo utulivu ninaosimuliwa."

Nikajikuna. Hapakuwa na jinsi, nikauliza. "Na umeuonaje, mama?"

"Umefika mpaka kwa wafugaji wa Kisongo," akasema. "Baba yake Neema asingevuka nyuki."

Akaanza kurudi kwa wenzake, taratibu tu. Alipofika katikati ya nyasi akasema bila kugeuka, "Jumamosi wazee waje. Na wewe uje. Vaa soksi."

Basi ndiyo hivyo. Niko hapa stoo nangoja akina mama wamalize kula ndizi waondoke, na Lomayani kila akipita mlangoni ananisalimia "Amina." Suruali yangu bado ipo pale chini ya mringaringa na wenyewe wamo ndani. Anayetaka kunicheka aende kwanza akaniletee.