Kibali cha Kuutazama Mnara

Ndugu zangu wa kwaya, mwenzenu leo nimeaibika ugenini, tena nikiwa nimevaa suti.

Habari za mnara wangu mnazijua. (Mnazijua mpaka mmechoka.) Tangu nina miaka saba, kalenda ile ilining'inia ukutani kwa marehemu baba: mnara wa taa ya meli, phare, mwekundu na mweupe, kwenye pwani ya Namibia. Mwaka wa kalenda uliisha, baba hakuibandua. Mimi mtoto wa Likasi, ambako bahari hatuna na kitu kirefu tulichonacho ni bomba la moshi la kiwanda, nikaupenda mnara ule kuliko nilivyopenda shule. Safari hii nimepata likizo, nikapanda basi peke yangu. Siku nne.

Chantal, mchumba wangu, hakuamini hata kidogo. Kwake hayupo mwanaume wa kuvuka Zambia nzima kwa ajili ya mnara.

"Weye unaenda siku ine mu bisi juu ya kuangalia taa? Taa iko hata hapa, siku courant ya umeme iko. Sema tu jina ya ule mwanamuke."

Mama yake alikuwa amekaa pembeni, akisikiliza kila neno. Nikaapa. Nikaahidi kutuma picha moja tu: mimi na mnara, basi. Picha hiyo isipofika, Chantal alisema, wazee wake hawana haja ya kukutana na wazee wetu mwezi ujao.

Leo asubuhi nimefika. Nikakata kona, mnara huo hapo! Jua limeupiga, rangi zile zile za kalenda. Machozi yalinilenga, sifichi. Ningeinua simu dakika ile ile, hivi sasa ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Sikuinua. Mimi ni karani wa shule, ndugu zangu, kazi yangu ni muhuri. Na kwetu nani anainua simu mbele ya mali ya serikali bila karatasi? Mnakumbuka darasa la sita tulipopelekwa Koni kuona mitambo ya umeme, mwalimu alivyotuamuru tutazame tukiwa na mikono nyuma. Basi nami nikaweka mikono nyuma, nikaanza kumtafuta mkubwa wa mnara.

Ndiyo sababu ya suti. Mbele ya mkubwa huendi na fulana. Mfukoni nilikuwa na barua ya chef, mkuu wa mtaa wetu, ya Kifaransa, yenye mihuri mitatu, ikithibitisha kwamba mimi ni mtu wa tabia njema na ninakwenda kutazama mnara. (Muhuri wa tatu niligonga mwenyewe. Ulipendezesha.)

Kwenye bustani chini ya mnara alisimama mzee mwenye koti la vifungo vya dhahabu, kofia na glavu nyeupe. Nikasema huyu ndiye. Nikamwamkia, nikampa barua kwa mikono miwili. Kiingereza changu ni cha mpakani Kasumbalesa, cha kuulizia bei na choo, kwa hiyo sikuongeza maneno. Mzee akaisoma juu, akaisoma chini, akaipindua. Kisha akaniongoza kwa heshima kubwa hadi kwa dada mmoja mwenye orodha. Dada akalitafuta jina langu, akalikosa. Akaitazama suti, akaitazama mihuri, akauliza kama natoka Kongo. Nikasema ndiyo, Likasi. Uso wake ukachangamka, akanibandika ua jeupe kwenye koti.

Nikajua ni beji ya mgeni. (Kiwandani kule Likasi wanakupa ya plastiki. Nikasema wenzetu wameendelea.) Akanifungulia kitabu kikubwa, nami nikajaza kama inavyotakiwa: jina, jina la baba, namba ya pasipoti, sababu ya kufika, sina mzigo. Watu wengine walizidi kuingia, wanaume suti, wanawake magauni marefu. Moyo wangu ukafurahi. Kumbe si mimi peke yangu niliyejua kwamba mnara unaheshimiwa.

Mpiga picha akatupanga mstari. Nikamkabidhi mzee wa vifungo simu yangu na kumwonyesha kwa kidole: mimi, mnara. Akaelewa. Ukungu ulikuwa umeanza kuingia kutoka baharini, sikuujali. Ghafla vigelegele vikapigwa, na pembeni yangu, kiwiko kwa kiwiko, akasimamishwa bibi harusi.

Ndiyo, bibi harusi. Shela, maua, kila kitu. Mkubwa wangu wa mnara alikuwa dereva wa gari la harusi. Bwana harusi ni mfanyabiashara wa malori mwenye wateja wengi wa kwetu Katanga, na mimi walinidhania mmoja wao. Yeye mwenyewe alikuwa bado anamsaidia mama yake kushuka garini. Nikataka kutoka mstarini, mpiga picha akanirudisha kwa bega.

Hapo simu yangu ikalia mkononi mwa dereva. Ya video. Dereva, mtu mwema, akabonyeza na kuigeuza kioo kwetu.

Hakuwa Chantal. Alikuwa mama yake, kwa simu ya Chantal, uso umejaa kioo kizima. Nanyi mnajua kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Mwili haukuniuliza. Nikainama, mikono pamoja, macho chini. Bibi harusi akaona mgeni anamwinamia mama mtu mzima, naye kwa adabu aliyolelewa nayo akainama pamoja nami. Ua langu jeupe, gauni lake jeupe, wawili tumeinama mbele ya mama. Mpiga picha akapiga. Watu wakashangilia.

Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Nilipoinua kichwa, kiooni alikuwa Chantal mwenyewe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Phare iko wapi?"

Nikageuka nimwonyeshe. Hakuna mnara. Ukungu umeumeza wote, nyuma yetu ni weupe mtupu. Nikanyoosha kidole hewani, nikaapa kwamba uko pale pale ndani, mwekundu na mweupe, asubuhi nimeuona kwa macho yangu.

Chantal akanitazama, akamtazama jirani yangu na gauni lake jeupe.

"Ule wa robe blanche, njo phare yenyewe?"

Bwana harusi alipofika na kuelezwa, alicheka mpaka akashika magoti. Akachukua simu amweleze Chantal, kwa Kifaransa chake cha madereva, kwamba mume ni yeye. Lakini mtu anayecheka namna ile haaminiki. Chantal akakata.

Wenye harusi ni watu wazuri, wamenipa kiti na sahani ya nyama. (Nimekula. Aibu haishibishi.) Nikamuuliza dada wa orodha kibali cha kupiga picha mnara hutolewa na nani. Hakuelewa swali. Watu wanapiga tu, alisema, hata mbwa wao wanapigwa picha pale.

Sasa ni saa tisa alasiri. Chantal ameandika ujumbe mmoja: "Minye sitaki maneno. Tuma weye na phare. Muntu mwingine hapana."

Basi langu linaondoka saa kumi na mbili. Nimekaa kwenye benchi na suti yangu, kamera nimeifungua, nangoja. Ukungu haujasogea hata hatua. Mama mmoja mtalii alikuja kukaa karibu nami, nikahama benchi.

Msicheke, tafadhali. Nyinyi ni kwaya. Imbeni wimbo wowote, ukungu huu uondoke kabla ya saa kumi na mbili.