Uzinduzi wa Kituo cha Makongeni na Kidonge cha Polepole

Mheshimiwa Mwakilishi wa wadi hii, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Afya, ambaye pia ni mimi. Mchungaji Ngigi, wazee wa nyumba za reli, akina mama wa soko la Muthurwa, stakeholders wote, itifaki ikizingatiwa, hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Watu wanajipepea kwa leso. Jua ni kali.)

Leo tunazindua Kituo cha Afya cha Makongeni, na kwa upande wa service delivery, asilimia tisini na saba ya wakazi waliohojiwa, yaani mimi, msaidizi wangu na mkewe, wameridhika mno. (Makofi, ya msaidizi.)

Naona Mama Adoyo amenyoosha mkono. (Adoyo: "Mheshimiwa, bwanangu Owuor anaponda kidonge cha presha, kile pakiti inasema kisipondwe, anakoroga kwa chai, ati kiingie mbio kabla afike kwa geti la kiwanda huko Industrial Area! Saa nne kizunguzungu, jioni kichwa kinagonga. Nimlete hapa apimwe leo, ama?")

Swali zuri, mama, ambalo ofisi yangu imelifanyia benchmarking, yaani ziara za kujifunza, hadi ng'ambo. Kidonge hicho kimetengenezwa kiingie kwenye damu polepole, na kwa kuwa kinaingia polepole, kinakaa mwilini kutwa nzima. Ukikiponda, dawa yote inaingia kwa kishindo, inamlegeza mzee wa watu, halafu inaisha mapema na kumwacha jioni bila ulinzi. Akimeze kizima! (Makofi ya kweli.) Na ndivyo ulivyo uongozi wangu: hatuingii kwa kishindo, tunaingia polepole, ndiyo maana tunakaa. (Teresiah wa mitumba: "Tuliwameza wazima miaka minne iliyopita, mbona hatujapata nafuu?" Kicheko hadi barabarani.) Dada, hiyo ni long-term impact.

Kituo oyee! (Oyee!) Presha chini! (Chini!) Maendeleo juu! (Juu sana, hatuyafikii!)

Nikimalizia, namshukuru Mchungaji kwa hema hili, ambalo ndilo kituo chenyewe kwa leo, na ambalo anaomba tulikunje kabla ya saa tisa kwani lina harusi; namshukuru Winny wa saluni kwa kukubali kuvaa koti jeupe na kusimama kama nesi; na wewe Mama Adoyo, asante kwa kutuamini. Mpeleke mzee leo hii kwa kituo chochote cha karibu, na ukishakipata, tafadhali nipigie simu uniambie kiko wapi, nije nikizindue.