Pikapu ya Kijani na Cheti cha Daktari

Pikapu ilipita mbele ya kibanda cha chai saa nne asubuhi, na ilipita taratibu kiasi kwamba Daktari alipata nafasi ya kuitazama, kumaliza chai yake, kubishana kuhusu chenji, na kuitazama tena. Ilikuwa ya kijani, ya dizeli, ya enzi zile ambazo bati la gari ukiligonga linakuumiza wewe. Nyuma ilivuta tela lenye viti vya plastiki mia tatu, maturubai mawili na vyuma vyake. Ilipofika mahali kilima kinapoanza ikaguna, ikatoa moshi mweusi ti, ikaishiwa nguvu. Mtu mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli akaipita, akageuka kuitazama kwa huruma.

Daktari akaweka kikombe chini. Moyo ulimdunda kama wa kijana aliyeona mchumba.

Tumweleze kidogo, maana anastahili. Hakuwahi kutibu binadamu. Alitibu magari, na wagonjwa wake walikuwa wazima kabisa mpaka wanunuzi wanapofika nao nyumbani. Alivaa overoli safi, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye macho, kwa sababu fundi aliyeshika kazi hana overoli safi hata siku ya harusi yake. Shingoni alining'iniza kipande cha mpira mwembamba. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine akaigusisha kwenye injini, kisha akafumba macho na kutikisa kichwa. Wateja walilia kwa kile kichwa tu, hata kabla ya kusikia ugonjwa.

Alipoifikia pikapu, mwenyewe alikuwa ameshuka na kuweka mawe kwenye matairi. Alikuwa mama wa makamo, mnene wa kutosha, mwenye kisu cha kukatia kamba kiunoni na sauti ya kuita watu uwanja mzima. Mji wote ulimjua kwa jina la Mama Viti. Shughuli yoyote yenye watu wa kukaa, aliyewakalisha ni yeye, kwa viti vyake vya kukodisha.

"Pole, mama yangu," Daktari akasema. "Inakosa nguvu?"

"Ikiwa tupu inakwenda. Nikiifunga tela, kilima kinanitoa jasho kuliko yenyewe," Mama Viti akasema. "Na Jumamosi nina mahafali ya chuo cha wauguzi, kule juu. Nisipofikisha viti, kazi ya chuo anapewa mwingine, na mwaka ujao pia. Nina watoto wawili wa marehemu dada yangu wako shuleni kwa kazi hiyo hiyo. Silali, mwanangu."

"Fungua boneti, mama. Washa, kanyaga mafuta."

Mama akakanyaga. Daktari akatia mpira sikioni, akainama, na palepale akasikia: *fssss*. Paipu nene ya mpira inayotoka kwenye turbo ilikuwa imechanika upande wa chini, mchaniko mzuri ulionyooka, urefu wa kidole. Hewa yote ya kuipa injini nguvu ilikuwa inatorokea hapo. Kwa paipu moja mpya, kitu cha nusu saa na bisibisi, pikapu hii ingevuta nyumba.

Hapo Daktari akafanya kosa lake. Nakwambia mapema ili baadaye usimwonee huruma kupita kiasi. Mtu mwingine angeendelea kutazama. Yeye aliifunga boneti haraka, asije akapita fundi mwingine akaona alichokiona. Alikuwa anamfahamu Bwana Kokoto, mwenye machimbo, aliyekuwa akitafuta pikapu ya aina hii hii, isiyo na kompyuta wala maringo, na aliyekuwa tayari kuilipia vizuri mno.

Akatikisa kichwa. Akakitikisa tena.

"Niambie tu," Mama Viti akasema kwa sauti ndogo.

"Injini imekufa, mama. Ringi zimekwisha, pistoni zimelegea. Unaona moshi ule? Ile ndiyo roho ilikuwa inatoka."

Mama akashika mlango. "Jamani! Sasa itakuwaje?"

"Ungekutana na mtu mwingine angekudanganya," Daktari akasema kwa uchungu, akaweka mkono kifuani. "Mimi siwezi. Nina mama pia. Sikiliza: nina pikapu yangu nyeupe, changa kuliko hii, inang'aa kama sahani. Tubadilishane. Mimi nichukue hili kaburi, nitauza vyuma kwa kilo. Wewe uokoe Jumamosi yako."

Mama Viti akafikiri, akajifuta jasho kwa upindo wa khanga. "Mimi ningekubali sasa hivi, daktari. Lakini gari hili ni la familia, na mdogo wangu ni mbishi. Nikimwambia kwa mdomo atasema nimerogwa. Niandikie ugonjwa kwenye karatasi, mtu wa elimu akisema, atanyamaza."

Hakuna kitu Daktari alipenda kama kuandika. Alikuwa na daftari lenye jina lake juu ya kila ukurasa na mhuri wa mpira aliochongesha mwenyewe. Akaandika juu ya boneti yenye moto: *Nimeipima pikapu ya kijani. Injini imekufa. Ringi zimekwisha, pistoni zimelegea. Haifai kuvuta hata kitanda cha mtoto.* Akatia saini yenye mikia mitatu, akagonga mhuri.

Mama akakisoma cheti hicho mara mbili, akakikunja na kukitia kwenye pochi, mahali panapowekwa vitu vya thamani. "Asante, mwanangu. Ila na mimi nitaijaribu hiyo nyeupe. Ifunge tela langu, unipeleke mpaka geti la chuo. Ikifika, tunaandikiana."

Kesho yake pikapu nyeupe ilifika ikiwa imeoshwa hadi ndani ya vikombe vya matairi. Ilifungwa tela. Ilipanda theluthi ya kilima, ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa kwenye shati. Klachi ilikuwa inateleza. Injini ililia, matairi yakastarehe.

"Imeshikwa na baridi tu," Daktari akasema.

"Saa saba mchana?"

"Baridi ya ndani, mama."

"Basi haina neno," Mama Viti akasema kwa unyonge. "Yupo mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Ijumaa asubuhi. Nimwachie yeye hilo kaburi, nikodi gari la watu."

Daktari akaiona pikapu ya kijani ikikatwakatwa na mtu asiyejua lolote kuhusu paipu. "Mama! Nipe mpaka Alhamisi."

Alivyohangaika siku zile mbili, angehangaika hivyo katika kazi ya halali angekuwa tajiri. Alinunua klachi mpya, mpya ya kweli, akashangaa jinsi inavyofungwa kwa urahisi. Mama Viti akapita, akasikiliza, akasema giaboksi inaimba. Daktari akatafuta giaboksi nyingine. Mama akapita tena, akasema matairi ya nyuma yana vipara. Yakanunuliwa matairi. Fedha ilipokwisha, friji ya nyumbani ikabebwa kwenda kuuzwa.

"Friji yangu imekwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Imekwenda kuzaa, mke wangu. Itarudi na mapacha."

"Nitakaa hapa hapa nawasubiri," mkewe akasema, na akavuta stuli mahali friji ilipokuwa.

Alhamisi pikapu nyeupe iliubeba mzigo wote wa viti hadi geti la chuo bila kukohoa. Mlinzi wa geti akapiga makofi. Hata Daktari mwenyewe alijisikia fahari, hisia ngeni kwake, akaipuuza.

Waliandikiana kwenye karakana ya mdogo wake Mama Viti, ambaye alikuwa seremala. Alikuwa mtu mkimya, mwenye penseli sikioni. Aliwaandikia mkataba kwa mkono, kwamba kila mmoja amelikagua gari la mwenzake, ameridhika, na hana dai. Kisha Mama akatoa kile cheti kwenye pochi, na seremala akakibana nyuma ya mkataba kwa pini.

"Hicho cha nini tena?" Daktari akauliza.

"Si ndio ukaguzi wako, daktari?"

Daktari akacheka, akasaini. Halafu akamtazama seremala. "Wewe tumeonana wapi vile?"

"Nina sura ya kawaida," seremala akasema, akapuliza vumbi la mbao kwenye meza.

Jumamosi asubuhi Daktari aliamka mapema kuliko jogoo mwenye madeni. Akafunga paipu mpya kwa nusu saa na bisibisi, kama alivyopiga hesabu. Akawasha. Sauti ya *fssss* haikuwepo. Akampigia simu Bwana Kokoto: "Njoo na tela lako la mchanga. Njoo uone kuvuta."

Bwana Kokoto alikuja na suti ya kazi na kijiti cha meno mdomoni, akaketi upande wa abiria. Walianza vizuri. Chini ya kilima Daktari alikanyaga mafuta, akatoa tabasamu. Moshi mweusi haukuonekana tena. Lakini sasa, kwa kuwa moshi mweusi haukuwepo wa kuuficha, ulionekana ule mwingine, wa buluu, mzito, wenye harufu ya oili inayoungua. Katikati ya kilima pikapu ikaguna. Daktari akaweka gia namba moja. Ikaguna kwa namba moja. Ikasimama.

Bwana Kokoto akashuka, akafungua boneti mwenyewe, akafungua kifuniko cha oili huku injini ikinguruma. Moshi ukafoka pale kama birika linalochemka.

"Ringi zimekwisha," Bwana Kokoto akasema. "Pistoni zimelegea. Hii injini imekufa, bwana."

Ndipo Daktari alipokaa chini, kwenye ukingo wa barabara, na overoli yake safi. Katika maisha yake yote alikuwa amesema kweli mara moja tu, na hakujua.

Bwana Kokoto alikwisha kupiga simu tela lake lifuatwe, akaondoka kwa miguu bila kuaga, wakati pikapu nyeupe ilipokuwa ikiteremka kutoka chuoni, tupu, inapiga honi. Ndani walikuwa Mama Viti na mdogo wake. Wakasimama.

"Mama, umenidanganya," Daktari akasema.

"Nimekudanganya nini? Nani aliniambia injini imekufa?"

"Mimi. Lakini mimi nilikuwa nina..." Sentensi hiyo ni ngumu kuimalizia mbele ya mashahidi.

"Malizia, mwanangu."

"Na ile paipu?"

Mama Viti akagusa kisu kiunoni. "Nilichana mwenyewe. Fundi wangu aliniambia mwezi uliopita kwamba injini imekwisha, na mimi sina ya kununua nyingine. Nililia siku tatu, sikufichi. Mdogo wangu akasema yupo mtu mmoja mjini, ukimwonyesha kijitundu cha kukuibia, hatazami kitu kingine. Nikapita mbele ya kibanda chako cha chai asubuhi nne mfululizo. Siku tatu za mwanzo ulikuwa unasoma gazeti."

Daktari akamgeukia seremala. "Wewe mimi unanijulia wapi?"

Seremala akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kile kigari chekundu. Giaboksi uliijaza vumbi la mbao ili isipige kelele. Ukaja kuniuzia mimi. Mimi, seremala! Nilipoifungua nilijua hadi mti wenyewe."

"Aaa," Daktari akasema. Sasa alikumbuka. Alikikumbuka kigari vizuri sana, rangi na namba, hata mkwaruzo wa mlango wa kushoto. Sura ya aliyekinunua hakuwahi kuitazama.

"Kiliniumiza kile," seremala akasema. "Mke wangu alikuwa amekaribia kujifungua, nikajua nina gari la kumpeleka. Tulikwenda kwa toroli."

Daktari akaokota jiwe, akalirudisha lilipokuwa. Alitamani kusema jambo la maana, lakini maneno yote aliyoyajua yalikuwa ya kuuzia.

"Mtoto hajambo?" akauliza mwishowe.

"Hajambo. Anaota meno."

Mama Viti akatoa mnyororo nyuma ya gari. "Haya, simama. Huwezi kulala hapa. Tutakuvuta mpaka kwako, bure. Lakini kwanza twende juu. Viti mia tatu vinataka kupangwa kabla ya saa sita, na mimi mgongo unaniuma."

Daktari akapanga viti mia tatu. Akavipanga vizuri, kwa mistari iliyonyooka, na mkuu wa chuo akamwita Mama Viti kumwambia kwamba mwaka ujao kazi ni yake tena. Mama aligeukia ukuta kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akarudi akifoka kwamba mstari wa nne umepinda.

Jioni walimrudisha. Pikapu nyeupe ilivuta mbele, ya kijani ikafuata kwenye mnyororo, na Daktari ndani yake akishika usukani usio na kazi kubwa. Kila kilima nyeupe ilikipanda kwa utulivu, bila moshi wala harufu. Ilivuta vizuri mno. Alijua kwa nini, aliitengeneza mwenyewe.

Mkewe alikuwa mlangoni, na stuli yake. Aliitazama pikapu nyeupe anayoijua, ikiendeshwa na mama asiyemjua. Akautazama mnyororo. Akaitazama ya kijani, na mumewe ndani yake, overoli imejaa vumbi la viti, chafu kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Mume wangu," akasema, "hao ndio mapacha?"