Daftari la Mahudhurio la Vijidudu

Inatangazwa rasmi, kwa heshima na taadhima, kwamba vijidudu wote wa kisiwa cha Chula sasa ni watumishi wa umma. Nimesaini mimi mwenyewe, Zakir, msimamizi wa Ofisi ya Uchachushaji, niliyeletwa kutoka Kismayo kwa kazi hiyo.

Kazi yao si ngumu. Unatia pipani vichwa na matumbo ya samaki, tende mbovu, sukari, na kikombe cha maji ya maziwa mgando, ndimo wanamoishi. Wao wanakula sukari na kutoa asidi ya laktiki, na ukali wake unazuia taka zisioze. Baada ya siku kumi na tano, chakula cha kuku tayari.

Mwanalima, mjane wa jirani na msikiti, alikuwa akifanya hayo miaka yote bila kibali. Nilitwaa pipa lake lililojaa, nikaliweka ofisini na kulifunga kwa waya na lakiri, mtu asiliguse. Akanambia kuku wake thelathini hawana chakula kingine. Nikamwambia ajaze fomu. Fomu zilikuwa hazijafika.

Pipa la serikali nililitendea haki. Kila asubuhi saa mbili nilifunua kifuniko, nikakoroga, nikatia alama kwenye daftari la mahudhurio. Vijidudu hawaonekani kwa macho, kwa hiyo niliandika wote wapo. Siku moja Mwanalima akanikuta kazini.

"Hao hawataki hewa," alisema. "Funika, uwaache."

Nikamweleza kwamba mtumishi asiyekaguliwa huwa mvivu. Hajakanyaga hata semina moja, anataka kunifundisha kazi!

Siku ya kumi na tano akaja mkaguzi mkuu, Bi Safiyya. Nilifungua pipa letu na, astaghfirullah, hata paka waliondoka. Nikamhakikishia kuwa mahudhurio yalikuwa kamili. Akataka kuona lile la pembeni, la Mwanalima, ambaye alikuwa mlangoni akingojea fomu. Nilipokata lakiri ikatoka harufu ya uchachu safi, ya maziwa mgando.

"Hili amelisimamia nani?" aliuliza.

"Hapana mchu," akajibu Mwanalima kwa lahaja ya kisiwani. "Lilifungwa tu."

Bi Safiyya alifikiri kidogo. Kisha akatangaza kwamba ofisi imefanya ugunduzi mkubwa: kazi huenda vizuri afisa akizuiwa kuigusa. Akatutoa nje, akachukua waya na lakiri, akafunga mlango wa ofisi. Kiti changu kimo ndani.

Mwanalima aliviringisha pipa lake kuwapelekea kuku ishirini na wawili waliobaki. Alipofika nilipokuwa nimesimama akanishauri, kwa upole kabisa, nijaze fomu.