Benchi la Ukuta wa Jikoni

Jumatatu, 6 Julai 1981

Baridi! Baridi ya kuingia hadi kwenye meno, na meno yenyewe yamebaki machache.

Mwalimu Rispa ametuambia sisi wa darasa la jioni kila mtu aandike mambo ya siku yake, mistari miwili mitatu, mkono uzoee kalamu. Amesema hatasoma. Vizuri. Basi nitaandika kweli tupu, na si mistari miwili. Katika darasa zima hakuna anayeandika kama mimi, Njogu. Labda Teresiah. Lakini Teresiah ni mke wangu, kwa hiyo hapo pia ni mimi tu.

Leo tumefukuzwa kwenye benchi.

Chuo chetu ni kidogo, kiko huku chini ya mtaa wa Shauri Moyo, kando ya mto. Mchana vijana hujifunza useremala na ushonaji. Jioni ni sisi wazee wa kusoma na kuandika. Wanatuita ngumbaru. Kabla ya darasa kuna chai, na chai hunywewa uani, na uani pa kukaa ni pahali pamoja tu: benchi refu lililoegemea ukuta wa jikoni. Nyuma ya ukuta kuna jiko kubwa la kuni. Ukikaa pale mgongo unapata joto kama mtoto aliyebebwa. Juu pameezekwa mabati, hata manyunyu hayakupati.

Akaja Ndeti, kiongozi wa wanafunzi, kijana wa useremala, mrefu kama ngazi. "Sasa, wabuda, wazee wangu. Hiyo benchi ni ya wenye chuo. Nyinyi ni wa jioni tu." Nikamwambia mimi nilipigana Burma kabla baba yake hajaota ndevu. Akaniuliza kama huko Burma tulipigana tumekaa. Wakacheka hao! Chai tukainywa tumesimama, na manyunyu yakaingia kikombeni.

Teresiah alikohoa njia nzima ya kurudi nyumbani. Kifua hicho anacho tangu Mei.

Mimi benchi nalitaka kwa sababu ya mgongo wangu. Iandikwe hivyo.

Jumatano, 8 Julai

Mpango. Rahisi, wa kijeshi. Ukitaka kilima, kikalie kabla adui hajafika.

Nilienda chuoni mchana, vijana wakiwa bado karakanani. Kabuti langu la vita mwilini. Nikakaa katikati ya benchi, nikatanua miguu. Ukuta ulikuwa moto. Mgongo wote ukalegea. Nadhani nilifumba macho. Kuyapumzisha, si kulala.

Nilipoyafumbua, mbele yangu palikuwa na maji.

Maji meusi ya mto, na kiatu kimoja kinaelea kinaenda zake. Walikuwa wamelibeba benchi pamoja na mimi juu yake, wakalishusha ukingoni taratibu kama watu waliobeba kabati la kioo. Ndeti alikuwa amekaa kwenye nyasi ananingoja niamke. "Karibu bichi, mzee, upunge upepo. Unaonaje hewa?"

Hewa ya mto ule haielezeki.

Wakalirudisha benchi. Mimi hawakunirudisha.

Nyumbani Teresiah akauliza mbona kabuti linanuka. Nikamwambia hiyo ni harufu ya vita. Akasema basi vita vilale nje.

Ijumaa, 10 Julai

Nimechoka. Lakini nimefika hadi ofisini kwa mkuu wa chuo, na nimesema yote, hata mengine ambayo hayakuhusika.

Mkuu alinisikiliza akichonga penseli. Kisha akasema mambo ya benchi hayaamuliwi ofisini. Yana desturi yake. Kila mwaka, Jumamosi ya michezo, wanafunzi huvuta kamba kuvuka mto, kundi moja ng'ambo ile, kundi lingine ng'ambo hii. Wa kwanza kugusa maji ameshindwa. Walioshinda hulikalia benchi mpaka mwaka mwingine. Maseremala wameshinda miaka mingi hata washonaji wameacha kujisumbua. Kama darasa la jioni linataka benchi, na livute. Michezo ni Jumamosi ijayo.

Akauliza kapteni wetu ni nani. Nikajibu ni mimi kabla hajamaliza.

Okumu amenuna. Huyu Okumu ni mstaafu wa reli, kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, na hakuna siku inayopita bila sisi kukumbushwa. Anasema mtu aliyesukuma behewa zima kwa bega hawezi kuongozwa na mtu ambaye hajasukuma hata baiskeli. Nikamwambia behewa lina magurudumu. Hata kuku anaweza kulisukuma. Nilipoondoka hakuniaga.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya kanisa tulikutana uani kuchagua wavutaji. Nikachagua wanaume wote wenye umri wa heshima. Mimi nyuma kabisa, kamba kiunoni, maana wa nyuma ndiye nanga. Okumu akataka yeye awe nanga. Nikawaeleza tena habari za Burma, jinsi tulivyovuta mizinga kwenye matope, mimi mbele na wazungu nyuma.

Teresiah akasema, mbele za watu, bila hata kuinua kichwa: "Baba Wacera, si ulikuwa kambini Gilgil, hapa hapa nchini, ukimenya viazi?"

Okumu alicheka mpaka akakaa chini.

Viazi vya vita navyo ni vita. Jeshi halipigani na njaa. Lakini ukiwaeleza watu wa reli jambo kama hilo wanaelewa nini?

Halafu Wangeci, mama wa kabichi wa soko la Gikomba, mwanamke mwenye shingo kama kinu, akasema wanawake nao wavute. Kila alfajiri yeye na Teresiah hushusha magunia kutoka kwenye lori, wameyazoea, kamba ni nini? Nikakataa. Nikasema hili ni jambo la wanaume, wanawake watashangilia. Wangeci akanitazama tangu viatu hadi kofia. "Haya, kapteni. Tutashangilia." Teresiah akajifunga leso kiunoni, akakohoa, akaikaza zaidi. Miaka tuliyokaa pamoja nimejifunza kuogopa leso ikikazwa hivyo. Lakini sikubadili neno. Mimi nikisema nimesema.

Jumanne, 14 Julai

Mazoezi. Kwa kuwa hatuna adui wa kufanyia mazoezi, tuliifunga kamba kwenye mti tukavuta mti.

Mti umeshinda.

Okumu anadai uliinama kidogo. Mzee mmoja amejitoa, goti limekataa. Mwingine mshipi ulikatika akaenda nyumbani ameshika suruali. Mimi mgongo ulilia kama mlango. Ndeti na wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi, migongo yao ukutani, wanakula mandazi. Wakaupigia mti makofi.

Teresiah amenichua kwa ile dawa ya kopo jekundu. Alipokuwa akichua akashikwa na kikohozi, akaacha, akashika ukuta, kisha akaendelea kuchua. Nikamwambia apumzike. Akasema nisimpangie.

Lazima lile benchi lipatikane. Kwa mgongo wangu.

Alhamisi, 16 Julai

Sikulala vizuri, na katika kutolala huko akili ikafunguka. Watu hawatoshi? Basi nitatumia kitu kisichochoka.

Nguzo! Nyuma ya mahali tutakapovutia, ipo nguzo iliyobeba mabati ya juu ya benchi. Kamba ya chuo ni ndefu, inabaki mkia mrefu nyuma ya nanga. Nitaupitisha mkia chini ya nyasi, niufunge kwenye nguzo. Hapo hata wakileta trekta hawatutoi. Tutasimama tu, tuwaache wachoke, wateleze wenyewe wagonge maji.

Nimeikagua nguzo. Nimeigonga kwa ngumi. Haitikisiki. Mimi mbao nazijua.

Wangeci alikuwa anaosha kikombe hapo, akaniuliza ninaitafutia nini hiyo nguzo. Akasema mchwa wameila chini, mpishi amelalamika tangu Krismasi. Nikamwambia ashughulike na kabichi.

Sijamwambia mtu mpango huu. Okumu angetaka kusema ni wake.

Jumamosi, 18 Julai

Matope bado yako kwenye suruali, lakini lazima niandike leo leo.

Watu walijaa pande zote mbili, mpaka mpishi aliacha sufuria akaja kusimama getini aone vizuri. Ndeti na maseremala walivuka daraja wakajipanga ng'ambo, mashati wamevua, katika baridi ile! Sisi upande wa jikoni. Mapema nilikuwa nimeshafunga mkia kwenye nguzo kwa fundo langu la jeshi, fundo ambalo nimefungia kila kitu nyumbani tangu tuoane. Nyasi juu yake. Huoni kitu.

Mwalimu Rispa akapiga filimbi.

Kumbe kamba inanyooka kabla ya kukaza. Mkia ule ulikuwa umelegea zaidi ya nilivyofikiri. Kabla nguzo haijaanza kazi, sisi tulikuwa tumeshaburutwa nusu ya njia ya kwenda majini. Okumu, wa mbele, anapiga kelele "Breki! Breki!" kama yuko stesheni. Visigino vyake vinachora matope. Mimi niliteleza nikakaa chini, kamba ikanitoka kiunoni kupitia kichwani na kofia ikaenda nayo.

Nikiwa pale chini nikasikia miguu. Teresiah! Nyuma yake Wangeci, nyuma yao akina mama wote wa darasa la jioni, leso zimekazwa. Wakaishika kamba bila kuomba ruhusa ya kapteni. Wangeci akatoa ile sauti ya kushushia magunia, "Haaa-ya! Haaa-ya!" na kila "ya" kamba inarudi kwetu. Nililiona hili kwa macho yangu. Ndeti aliacha kucheka. Kisha akapiga magoti. Kisha, jamani, akaingia mtoni mzima mzima na useremala wake wote.

Tumeshinda! Uwanja ulilipuka. Teresiah alikuwa anacheka, sijamwona akicheka hivyo tangu harusi ya binti yetu Wacera. Akakohoa, akacheka tena.

Na laiti wangesimama hapo.

Lakini akina mama wakatia kamba mabegani, wakaanza kuimba, wakageuka mbio kuelekea getini kuonyesha ushindi. Wakaipita nguzo. Wakaendelea. Nikapiga kelele: "Ngojeni! Iacheni kamba!" Nani atamsikia mzee aliyekaa kwenye matope? Kamba ikainuka kutoka kwenye nyasi. Ikakaza.

Nguzo ilitoka kama jino bovu. Mabati yakashuka yote kwa pamoja, na boriti nyuma yao. Kelele zilisikika Gikomba.

Wimbo ukakatika. Vumbi lilipotulia tukaona: benchi lilikuwa vipande viwili, na mguu mmoja umesimama peke yake.

Mkuu akauliza imekuwaje. Nikasema upepo. Teresiah akaenda polepole mpaka kwenye nguzo iliyolala. Akainama, akalitazama fundo. Wangeci akaja akalitazama naye, akafungua mdomo, lakini Teresiah akamshika mkono. Akalifungua fundo lile mwenyewe, linalowashinda wengine wote, akaikunja kamba, akanipa.

"Shika, Baba Wacera. Kamba yako."

Nimeibeba mpaka nyumbani. Afadhali angepiga kelele.

Jumatatu, 20 Julai

Manyunyu tena. Chai tumekunywa tumesimama, wazee na vijana, bila mabati, bila benchi, kama ng'ombe mnadani. Okumu anasema reli hawangefunga kitu kwenye nguzo yenye mchwa. Ameambiwa na nani? Watu wana midomo.

Nikamtafuta Teresiah nimpe kabuti. Hakuwepo uani. Nikachungulia jikoni. Amekaa humo kwenye gunia la makaa, Wangeci kando yake, na akina mama wengine, wamezunguka jiko, vikombe mkononi. Mpishi aliwaona Jumamosi akawaambia kuanzia leo watanywea ndani. Mwalimu Rispa naye yumo. Nikaweka mguu mmoja mlangoni. Mpishi akasema humu ni kwa waliovuta.

Nimesimama pale mlangoni nikisikiliza. Kikombe kizima cha chai, Teresiah hakukohoa hata mara moja.

Basi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo, na mtu akitazama vizuri ataona ni mpango wangu uliolileta. Bila mimi kuvunja benchi, wangekuwa nje. Nilimweleza Teresiah hivyo tukirudi nyumbani. Alitembea mbele.

Ndeti ana homa kidogo ya maji ya mto lakini ameanza kuchonga benchi jipya. Mkuu amesema ni la darasa la jioni, kwa haki. Ndeti mwenyewe ameniambia nisiwe na wasiwasi, na akatabasamu. Tabasamu hilo nalijua! Siku nitakayofumba macho watanibeba tena mpaka bichi.

Hawataweza. Nimeshabuni. Benchi jipya litafungwa, halitabebeka na mtu. Kamba bado ninayo. Na imebaki nguzo moja pale uani, ile inayoshika paa la jikoni.

Nimeigonga kwa ngumi. Haitikisiki.